Ondoeni Daftari Mkononi mwa Mtoto

Kila mwaka Majilio yakianza, parokia zetu nyingi hufanya jambo lile lile. Watoto wa Utoto Mtakatifu wanaambiwa waje na madaftari. Mlezi anaandika ubaoni maneno ya Yosefu, ya Maria, ya wachungaji na ya mwenye nyumba ya wageni, nao wananakili, wanakariri, wanasimamishwa mmoja mmoja, na anayesahau anarudia mpaka jua linazama. Usiku wa mkesha Yosefu anasimama mbele ya waumini 500 akiwa na ndevu za pamba, anafungua kinywa, na neno haliji. Nyuma ya pazia mlezi ananong'ona kwa hasira. Watu wanacheka. Yosefu huyo ana miaka 11, na huenda mwaka huo huo amewahi kuzunguka na mama yake usiku wa manane wakitafuta kitanda hospitalini. Hata hivyo hana la kumwambia mwenye nyumba ya wageni, kwa sababu la kusema limo kwenye daftari, na daftari liko nyumbani.

Tunaandika kulipinga daftari hilo. Hatupingi kukariri kote, na tutalieleza jambo hilo mbele. Tunapinga mazoea ya kudhani kwamba mtoto aliyesema maneno ya watu wengine bila kukosea amefundwa imani, na kwamba mtoto anayetafuta maneno yake mwenyewe anafanya mchezo tu. Tunayapinga hasa hapa Tabora, ambako mazoea hayo hayana hata udhuru wa mila.

Sisi ni walezi, makatekista na walimu wachache ambao Jumamosi alasiri, chini ya miembe, tunafundisha maigizo ya papo kwa papo. Hakuna maandishi, wala hakuna kugawana sehemu wiki sita kabla. Panatajwa mahali na tatizo, watu wawili au watatu wanaingia uwanjani, na igizo linazaliwa hapo hapo kwa kusikilizana. Wanafunzi wetu ni watoto wa darasa la pili, vijana wa sekondari, akina mama wa WAWATA, na wazee wanaokuja na mikongojo. Wote hukaa pamoja. Tumeulizwa mara nyingi, na viongozi wa walei na hata na mapadre, kama hii ni kazi ya Kanisa au ni burudani iliyopotea njia ikaingia uwanjani kwa Baba Paroko. Wengine wameongeza kwamba ni jambo la kigeni, la watu wa mijini na televisheni.

Anayesema ni jambo la kigeni aiangalie barabara anayoikanyaga. Njia ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Unyanyembe, kisha ikaendelea mpaka Ujiji. Richard Burton alifika Kazeh, ambayo ndiyo Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba 1857, baada ya zaidi ya miezi minne njiani. Waliobeba mizigo ya misafara ile kwa wingi walikuwa Wanyamwezi, kila mmoja na kilo 30 hivi begani, pembe wakati wa kushuka na vitambaa wakati wa kupanda. Walitembea wakiimba, na hakuna aliyewaandikia nyimbo. Kiitikio kilijulikana na wote, nacho ndicho kilichoshika mwendo wa miguu. Ubeti ulitungwa palepale na mwimbishaji: juu ya njaa ya jana, juu ya mkubwa wa msafara aliye mchoyo, juu ya mgeni anayekasirika ovyo. Jioni kambini kirangozi, yaani kiongozi wa msafara, alisimama na kutangaza safari ya kesho, na wapagazi wakamdakia kila kipande kwa sauti. Wasafiri wa Kizungu waliyaandika mambo haya katika vitabu vyao, wengine kwa kustaajabu, wengine kwa kuudhika, maana mara nyingi walioimbwa walikuwa wao.

Tunaomba msomaji akishike kiitikio hicho, kwa sababu ndimo lilimo jibu letu kwa wanaoogopa kwamba tunataka kuvunja kila kilichoandikwa. Baba Yetu ni kiitikio. Kanuni ya Imani ni kiitikio. Misa ni kiitikio kikubwa kuliko vyote, wala hatuombi hata siku moja mtu aigize la kwake altareni. Mtoto na avikariri, na avijue hata usingizini. Lakini msafara wenye kiitikio bila ubeti haujui umefika wapi. Ubeti ni wa leo: mvua iliyochelewa, kaka aliyekwenda Dar es Salaam na hapigi simu, mwalimu anayemwita binti ofisini baada ya masomo. Ubeti wa namna hiyo hauwezi kunakiliwa ubaoni.

Na njia ile haikubeba pembe tu. Ilibeba watu wenye minyororo shingoni. Mapadre Weupe walipoanza kazi hapa, miongoni mwa Wakristo wao wa kwanza walikuwa watoto waliokombolewa utumwani, wakalelewa Kipalapala katika miaka ya 1880. Kanisa la Tabora lina mizizi kwa watoto ambao mtu mwingine aliamua wanyamaze lini na waseme nini. Mtumwa, katika mambo yote, ni mtu anayeruhusiwa kuitikia tu. Ni aibu yetu, zaidi ya miaka 130 baadaye, tukiwalea watoto huru wa kuitikia tu na kuita malezi hayo adabu.

Tunakuja kwenye utani, na hapa tunajua tunagusa donda. Mnyamwezi ana watani mpaka pwani. Utani wake na Mzaramo unajulikana na kila mtu, na wengi waliouchunguza utani wameuhusisha na misafara na vita vya zamani. Waliotembea pamoja, waliopigana na kupatana, waliachiana haki ya kusemana. Na hakuna mahali haki hiyo inaonekana wazi kama msibani. Mtani anafika akiwa amevaa koti la marehemu. Anatembea kwa kuchechemea kama alivyochechemea yeye, anakohoa kikohozi chake, anadai deni ambalo halikuwepo, anajilaza njiani ili jeneza lisipite mpaka apewe chochote. Mjane anainua uso. Anacheka huku machozi yakimtoka, na kwa mara ya kwanza tangu juzi anakubali kunywa uji. Mtani huyo hakufanya mazoezi. Alimtazama marehemu miaka 40, na sasa anamtumia yule aliyemtazama kuwahudumia waliobaki. Mjukuu naye anadakia, kwa maana babu na mjukuu ni watani kwa desturi, na mtoto wa miaka 9 anajibizana na kikongwe wa miaka 80 mbele ya watu wote, wala hakuna anayeona kwamba heshima imevunjika.

Hiyo ni shule kamili ya maigizo ya papo kwa papo. Ina kanuni yake, kwamba hairuhusiwi kukasirika. Ina mipaka yake na ina lengo lake. Na sisi Wakristo tumeifanya nini? Katika misiba mingi mtani huambiwa anyamaze mara tu gari la padre linapoonekana. Tunajua upo utani uliooza. Wapo watu wanaojiita watani ambao ni wanyang'anyi wa sahani za rambirambi, na wapo wanaomtukana mjane maskini kwa maneno ya uchi. Hao wakemewe. Lakini hatukufuta kwaya kwa sababu wanakwaya wamegombana. Tangu Sinodi ya Afrika ya 1994 tumehubiriwa utamadunisho, nasi tukaitikia kwa vitenge altareni, kayamba na vigelegele. Mambo mazuri hayo. Ila tumeichukua nguo ya mila tukauacha ulimi wake, kwa sababu nguo haijibu na ulimi unajibu.

Wanaotuambia kwamba Maandiko hayajui michezo hii hatujui wanasoma Maandiko gani. Nathani alimwendea Daudi na kisa cha mwanakondoo, akamwacha mfalme aingie ndani ya kisa kwa miguu yake mwenyewe na kujihukumu kwa kinywa chake. Ezekieli alilala ubavu mmoja mbele ya tofali lililochorwa Yerusalemu. Bwana wetu alipotafuta mfano wa kizazi chake, alikumbuka watoto sokoni wakicheza harusi na msiba, na wengine wakigoma kucheza. Maana yake aliwahi kusimama akawatazama watoto wakiigiza. Ni wangapi kati yetu tumesimama? Na yupo yule mama Msirofoinike katika Marko sura ya 7. Anaambiwa neno gumu, neno la mbwa na chakula cha watoto. Angeweza kulikataa neno hilo na kuondoka na hasira yake, na nani angemlaumu? Anachofanya ni kulipokea neno kama lilivyo, anaingia nalo chini ya meza, anayaona makombo, na kutoka hapo chini anajibu. Binti yake akapona. Tukimfundisha mwanafunzi wetu jambo moja tu mwaka mzima, huwa ni hilo alilofanya mama yule.

Sisi tunaliita jambo hilo mzigo, kwa heshima ya wapagazi. Mwenzako akikutwika mzigo, usiutupe. Akisema, "Mama, mbona umerudi bila ng'ombe?" wewe sasa ni mama, na ng'ombe hawapo. Hakuna kusema, "Mimi si mama yako." Pokea, tembea nao hatua mbili, kisha mtwike na yeye. Kila kitu kingine tunachofundisha kinatoka hapo, ingawa kila umri unaubeba mzigo huo kwa namna yake, na anayefundisha umri wote kwa namna moja atawapoteza wote.

Watoto wa miaka 6 mpaka 9 hawahitaji kufundishwa kuigiza. Wanahitaji kulindwa dhidi yetu. Tunawakalisha duara na kupitisha kitu kisichoonekana: kinaanza kuwa pembe ya tembo, wa pili anakipokea kwa uzito ule ule kisha mikononi mwake kinageuka kuku, kwa wa tatu ni sufuria ya moto. Hakuna watazamaji. Hakuna wa kwanza wala wa mwisho. Viola Spolin, mwalimu wa Marekani aliyefundisha watoto wa wahamiaji huko Chicago na kutoa kitabu chake cha mazoezi ya namna hii mwaka 1963, alisisitiza kwamba sifa za mwalimu humfunga mtoto sawa na lawama zake, kwa kuwa vyote viwili humfanya amtazame mwalimu badala ya kumtazama mwenzake. Walezi wetu wengi hulimeza jambo hili kwa taabu. Wamezoea makofi ya kilo.

Wa miaka 10 mpaka 13 wameshaonja aibu. Mvulana hataki kuwa mke wa mtu, msichana hataki kushikwa mkono, na mmoja akicheka wote wanakufa. Hao hatuwapi watu wa kuigiza, tunawapa vitu. Wanakuwa treni. Stesheni yetu ni njia panda ya Mwanza, Kigoma na Mpanda, na reli ilifika hapa 1912, kwa hiyo hakuna mtoto wa Tabora asiyejua behewa. Mmoja ni kichwa, mmoja ni breki, watatu ni dirisha la daraja la tatu, na mwingine anauza asali kwa kukimbia sambamba na dirisha. Akiwa dirisha, mtoto husahau kuona aibu. Kutoka dirishani mtu anachungulia, na mtu huyo tayari ana jina na ana safari.

Vijana wa sekondari ndio kazi ngumu kuliko zote, nasi hatuwafichi hilo. Wanajua kuchekesha. Wameona vichekesho vya televisheni, na kila igizo lao lina mlevi, mshamba na mwenye kigugumizi. Watu wanacheka, nao wanadhani wameshinda, kumbe hawajasikilizana hata sentensi moja. Kwao tuna sheria: nusu saa ya kwanza ni marufuku kutafuta kicheko, na kila anayejibu lazima aanze na neno la mwisho la mwenzake. Ni sheria ya kuudhi. Baada ya wiki tatu wanaanza kusikia jinsi wenzao wanavyomaliza sentensi, na hapo ndipo huwa tunashangaa kuona wana mambo mengi kiasi gani.

Akina mama huhubiri. Tusamehewe kusema hivyo, lakini ni kweli, na akina baba huhubiri zaidi. Weka mume mlevi kwenye igizo la watu wazima wa parokia, na ndani ya dakika tatu amepiga magoti na kuokoka. Kwa hiyo tunawanyima maneno: igizeni jioni hiyo hiyo kimya, yeye anaingia, wewe unaosha vyombo. Au tunawabadilisha nafasi. Mama anakuwa binti wa miaka 15 anayesikia ukutani habari za ng'ombe zake, na binti yake halisi anakuwa shangazi anayepatana bei. Hatuzushi kisa hicho. Utafiti wa taifa wa afya na demografia wa 2010 uliiweka Tabora ya pili nchini kwa ndoa za utotoni, asilimia 58, nyuma kidogo ya Shinyanga. Tumehubiri dhidi ya ndoa hizo miaka yote. Hatujaona mahubiri yaliyomfanya mama anyamaze kama alivyonyamaza mama aliyesimama dakika nne mahali pa binti yake.

Wazee hatuwafundishi sana. Tunawapa kigoda na tunawauliza.

Ila siri ya kazi yote imo katika kuwachanganya. Siku moja tulitaja mahali: siku ya soko la tumbaku kwenye chama cha msingi. Mzee mmoja, mkulima maisha yake yote, alijitokeza kuwa mkulima. Mtoto wa miaka 9 akasema yeye ni mteuzi. Alikuja akiwa na mikono nyuma, akavuta jani lisiloonekana kwenye robota lisiloonekana, akalinusa, akataja daraja la chini kabisa bila kumtazama mzee usoni, akapita kwenda robota linalofuata. Mzee hakuigiza chochote. Alilitazama robota lake. Watu wazima waliokaa pale wameuza tumbaku miaka 20 na hawajawahi kuliona jambo hilo kutoka nje. Mtoto yule alilijua kwa sababu husimama kando ya baba yake kila msimu, na sisi tulikuwa tunadhani watoto wako mabanini wanacheza.

Tunarudi kwa wapinzani wetu, ambao si watu wabaya, na baadhi yao ni marafiki zetu. Wanasema mtoto atatamka uzushi. Atatamka, ndiyo. Mmoja wetu alisikia Petro wa miaka 8 akimwambia Yesu kwamba angekwenda naye msalabani ila mama amemkataza. Katekista mwenye masikio atapata hapo kipindi kizima juu ya woga wa Petro. Mtoto anayekariri naye ana uzushi wake, tofauti ni kwamba hatutausikia mpaka awe mtu mzima.

Wanasema mzee akicheza na watoto anajishushia heshima. Tumeshajibu kwa utani wa babu na mjukuu. Anayeona jibu hilo halitoshi aende msibani.

Msomaji makini atatukumbusha kwamba Papa Yohane Paulo II alikuwa mwigizaji ujanani huko Kraków, wakati wa vita, katika kikundi kilichoigiza kwa siri majumbani, na kwamba kikundi hicho kilishika maandishi ya washairi neno kwa neno. Ni hoja nzuri kuliko zote tulizopewa. Lakini Wapolandi wale walikuwa wamenyang'anywa maandishi yao na wavamizi, na kuyatamka kulikuwa kuyakomboa. Mtoto wetu hajanyang'anywa maandishi, amejazwa. Alichonyang'anywa ni nafasi ya kujibu. Mwalimu Nyerere, aliyesoma Tabora na kufundisha St. Mary's hapa hapa kabla hajawa mwanasiasa, aliandika katika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 kwamba shule imtoe mtu anayedadisi na kujiamulia. Tumeliweka jina lake kwenye barabara na shule, na ubao tumeuacha ulivyokuwa.

Wanasema hakuna muda, kuna mashindano ya kwaya. Kwa hilo hatuna hoja, tuna ombi tu, na tutalitoa mwishoni.

Baada ya hoja hizi zote huja ile ya kweli, na huja kwa sauti ya chini, watu wakiwa wameshasimama kuondoka: watoto watatoa siri za nyumbani. Hapo tunafika mahali penyewe. Mtoto anapewa kuigiza baba anarudi jioni, na watoto wote wa igizo wanakimbia kujificha kabla mlango haujafunguliwa. Hakuna aliyewaambia. Kila aliyekaa pale ameona, na kila aliyekaa pale anamjua baba. Kwa hiyo wazee wa kanisa wanatuambia: mwaona? Nasi tunawaambia: ndiyo, tumeona, na ninyi mmeona, na kabla ya hapo mtoto alikuwa anaona peke yake.

Hatufanyi uwanja kuwa kiti cha maungamo. Hatumuulizi mtoto swali mbele ya watu, hatulisimamishi igizo, hatulizungumzi njiani. Mlezi anakaa na mtoto baadaye, kwa utulivu, mahali panapoonekana na watu. Kama kuna hatari, jambo linakwenda kwa afisa ustawi wa jamii au dawati la jinsia na watoto la polisi, hata kama mhusika ni mtu wa mbele kanisani. Mlezi asiyekuwa tayari kwa hatua hiyo asifundishe maigizo haya. Aendelee na daftari. Hatujaanzisha sisi njia hii. Penina Muhando na Amandina Lihamba wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianza mradi wa Tuseme mwaka 1996, wakawapa wasichana wa sekondari maigizo kuwa chombo cha kutaja yanayowazuia kusoma. Jina lenyewe ni amri. Serikali iliona thamani yake. Sisi tulio na Neno aliyefanyika mwili tunasita nini?

Kuna sababu moja zaidi, na kwa sisi wa kanda hii ingetosha hata zingine zisingekuwepo. Katika mikoa ya Tabora, Shinyanga, Mwanza na jirani zake vikongwe wameuawa kwa mapanga kwa tuhuma za uchawi. Wengi kosa lao lilikuwa macho mekundu, na macho yaliwekundukia jikoni, kwenye moshi, wakiwapikia watu wale wale. Muuaji alikuwa mtoto siku moja. Aliambiwa asipite karibu na nyumba ya bibi yule, naye hakupita. Hakuwahi kumtwika mzigo usioonekana, wala kutwikwa na yeye. Hatudai kwamba mchezo wa Jumamosi unazuia panga. Tunajua tu kwamba katika duara letu bibi mwenye macho mekundu amewahi kuwa breki ya treni, na watoto 12 waliomsukuma wanamwita kwa jina akipita sokoni.

Ombi letu kwa mapadre, kwa walezi wa Utoto Mtakatifu na VIWAWA, na kwa walimu wanaosimamia TYCS shuleni ni dogo. Tupeni Jumamosi moja kwa mwezi, saa tisa mpaka saa kumi na moja, katika kila kigango chenye mti. Majilio ya mwaka huu wapeni watoto mahali na tatizo: ni usiku, mke ana mimba, nyumba zimejaa. Mwacheni mwenye nyumba ya wageni ajibu analotaka, na Yosefu amjibu. Wazee waitwe kwa tangazo la Dominika, tena watangaziwe kwamba wanakuja kufundisha. Vifaa havihitajiki, na viti msitafute; bibi zetu huja na vigoda vyao.